Risasi Baridi Ilikuwa Yangu

Katika nchi yetu yote, kuanzia mpaka wa juu hadi ule mpaka ambao bado tunaugombania, hakuna askari aliyemaliza utumishi wake akiwa msafi kama mimi. Sijaua. Sijaumiza. Sijamtia mtu hata mkwaruzo. Ninayo nishani ya Mkono Safi kuthibitisha hilo, na nikikuonyesha utaona inang'aa kuliko sufuria ya mama mkwe mpya. Nina pia bega la kulia linaloniuma siku za mvua, ila hilo limetokana na godoro la jeshi, wala halihusiani na habari hii.

Jina la nchi sitalitaja. Usidhani naogopa. Kwetu kutaja jina la nchi kunahitaji kibali, na dirisha la vibali limefungwa tangu karani wake alipopata kibali cha kwenda likizo.

Niliingia jeshini kwa kujitolea. Kwetu kila anayemaliza kidato cha nne hujitolea. Usipojitolea wanakuja kukuchukua, na wakishakufikisha kambini wanakuuliza kama umejitolea, nawe unajibu ndiyo, kwa kuwa anayeuliza ameshika rungu. Ndiyo maana takwimu zetu za uzalendo ni za juu kiasi kwamba majirani wanatuonea gere.

Siku ya kwanza tulipangwa uwanjani, tukanyolewa, tukapewa sare, halafu akaja Kanali Tengeneza kutufundisha somo la dhamiri. Alikuwa mtu wa heshima, tumbo lake likifika mahali robo saa kabla yake.

"Makuruta," alisema, "najua mmetoka makwenu mkiwa na dhamiri. Wazazi wenu wamehangaika kuwalea, nawapongeza. Sasa dhamiri ni kitu laini, ikikanyagwa kwenye gwaride inaharibika. Kwa hiyo mtaikabidhi stoo pamoja na viatu vya nyumbani. Mkimaliza utumishi mtarudishiwa. Jeshi halitahusika na uharibifu utakaosababishwa na panya."

Tukapiga makofi. Nilikabidhi raba zangu, na dhamiri nikadhani imekwenda humo humo ndani ya raba.

Aliyekuwa jirani yangu kitandani aliitwa Ngwale, kijana mrefu mwenye tabia mbaya ya kufikiri baada ya chakula. Huyo ndiye aliyenyoosha mkono kwa Koplo Bakunda, mlezi wa kombania yetu.

"Afande, nikipewa amri mbaya je?"

"Hakuna amri mbaya," Koplo akajibu. "Kuna utekelezaji mbaya."

"Sawa afande, lakini tuseme nimeambiwa nimpige mtu, na huyo mtu hana kosa. Dhambi ni ya nani?"

Koplo Bakunda hakukasirika. Alivuta kiti, akakaa, akatuelekeza kama anayemwonyesha mgeni njia ya sokoni. "Sikiliza, kijana. Wewe umeamriwa na mimi, kwa hiyo dhambi si yako. Mimi nimeamriwa na Meja, kwa hiyo si yangu. Meja kaamriwa na Kanali. Kanali na Jenerali. Jenerali na Mlezi Mkuu wa Taifa. Na Mlezi Mkuu anaamriwa na nani?"

"Na wananchi," tukaitikia, maana hiyo ilikuwa kwenye mtihani wa uraia.

"Na wewe ni nani?"

Ngwale akafikiri. "Mwananchi, afande."

"Basi umejiamuru mwenyewe. Sasa unataka kukataa amri uliyojipa mwenyewe? Huo si utovu wa nidhamu tu, ni ugonjwa."

Ngwale akasimamishwa juani mpaka jioni ili apone.

*

Sasa nikueleze habari za fundi Kilindo, maana bila yeye nisingekuwa na nishani.

Kilindo alikuwa mshonaji wa mjini. Cherehani yake ilikuwa na zabuni ya kurekebisha sare za jeshi zinazorudi kutoka vitani. Vita tulikuwa navyo, vilikuwa vinakwenda vizuri sana. Adui tulikuwa tunabadilishiwa kila baada ya msimu ili tusimzoee. Na redio ilitangaza kila asubuhi kwamba hakuna askari wetu hata mmoja aliyeumia.

Basi siku moja Mlezi Mkuu akaja mjini kuhutubia. Aliongea tangu jua la asubuhi mpaka vivuli vikageuka upande, na mwisho akasema, kama asemavyo siku zote, "Kuna swali?"

Ndugu msomaji, kwetu "kuna swali?" hujibiwa kwa vigelegele. Hata mtoto wa chekechea anajua. Lakini fundi Kilindo alisimama, akavua kofia, akasema kwa adabu kabisa:

"Mheshimiwa, mimi ni fundi wa sare. Sare ninazoletewa zina matundu kifuani. Nilitaka tu kuuliza, niyazibe, au niyaache ili aliyemo ndani apate hewa?"

Uwanja mzima tukasikia bendera ikijipiga kwenye mlingoti. Mlezi Mkuu alitabasamu, akasema hilo ni swali zuri. Jioni ile ile fundi akakamatwa kwa kosa la kuwa na swali zuri, na wiki haikuisha akahukumiwa kupigwa risasi hadharani.

Lakini usiione nchi yetu ni katili. Tuna utaratibu. Mhukumiwa husimama pekupeku, na jamaa zake wanaruhusiwa kuja uwanjani wakiwa wamemshikia viatu. Ni mila ya zamani, ya enzi za mababu zetu, na serikali yetu inaheshimu mila pale inapokuwa imesahau kuzifuta. Mila inasema hivi: wapigaji wakimkosa wote, basi mtu yule amekataliwa na kifo. Hupewa viatu vyake, huvaa pale pale mbele za watu, akaenda zake nyumbani. Wala hakuna anayeruhusiwa kumgusa tena. Wazee wa mjini wanakumbuka mmoja aliyewahi kuondoka hivyo, akaishi mpaka akafa kwa malaria kama mtu wa kawaida.

Pia kuna risasi baridi. Katika kikosi cha wapigaji, bunduki moja huwekwa risasi baridi, isiyo na chuma, inayotoa mlio na moshi tu. Hakuna ajuaye ni ya nani. Hivyo kila askari ana haki ya kulala usingizi akidhani baridi ilikuwa yake. Hili ni jambo la huruma kabisa, na mvumbuzi wake alipewa shamba.

*

Tulichaguliwa sita. Kigezo kilikuwa urefu, ili picha ya gazetini isipande na kushuka. Ngwale alikuwemo, nami nilikuwemo kwa msaada wa soksi mbili nilizokunja ndani ya buti, kwa sababu nilipojipanga sikujua tunapangwa kwa kazi gani. Nilidhani ni bendi.

Asubuhi ya siku yenyewe tulikaa kwenye benchi tukinywa uji, na hakuna aliyekuwa na hamu. Ngwale akaweka kikombe chini.

"Jamani. Tupige juu."

"Juu wapi?" akauliza mmoja tuliyekuwa tukimwita Mashavu.

"Juu ya kichwa chake. Nusu mkono. Wote sita. Mzee avae viatu vyake aende kwake."

"Koplo atatuona."

"Ataona nini? Ataona makuruta hawajui kulenga. Hilo analisema kila siku."

"Watatufunga."

"Watafunga sita? Mmoja watamfunga. Sita hawawezi, ni aibu, itabidi waandike gazetini kwamba jeshi halijui kulenga." Ngwale alitutazama mmoja mmoja. "Mtu akiwa peke yake hawezi kitu hapa. Lakini tukiwa sita tunaweza hiki kimoja. Nusu mkono juu. Sio kazi ngumu."

Nakwambia kweli, nilihisi kitu kimepanda kifuani, nikadhani ni uji. Mashavu akasema, "Mimi nimo." Mwingine akasema naye yumo. Mimi nikasema, "Mkono mzima, wa nini nusu?" Tukacheka, mara ya kwanza tangu tunyolewe. Tukagonganisha vikombe. Fundi Kilindo, ndani ya selo yake, alikuwa ameshapona na hajui.

*

Kabla ya kutoka tuliitwa stoo ya silaha, mmoja mmoja. Ndani alikuwa Kanali Tengeneza mwenyewe, amekalia sanduku, bunduki zimepangwa mbele yake kama samaki sokoni.

"Karibu, Chande. Una mama?"

"Ninaye, afande."

"Anakuombea?"

"Kila siku, afande."

Akatazama mlangoni, akaniita karibu kwa kidole. Pumzi yake ilinuka karafuu.

"Basi dua zake zimefika. Risasi baridi ni yako."

Nikampigia saluti mbili mfululizo.

"Usimwambie mtu," akasema. "Wenzio watakuonea wivu, na wivu unavunja kikosi. Nimekuchagua kwa sababu nimekutazama usoni, nikaona huyu mtoto hawezi kubeba jambo hili."

"Asante afande. Asante sana."

"Sasa, kijana, ukiwa na baridi, kuna haja gani ya kulenga ovyo? Haidhuru kitu. Lenga vizuri, kile kitambaa cheupe cha kifuani kwake, katikati. Alama za ulengaji zitahesabiwa leo, na atakayepata zote anapewa ruhusa ya kwenda kumwona mama yake."

Nilitoka mle ndani nikiwa mwepesi, ningeweza kupeperuka. Nikapiga hesabu kwa akili ya kidato cha nne. Wenzangu watano watapiga juu, tumekubaliana. Mimi yangu ni baridi, haiui hata nzi. Mzee atapona. Nami nitapata alama na kwenda nyumbani. Hapo kuna aliyeumia? Hakuna. Niliitafuta dhambi katika hesabu ile, nikaikosa.

Akaingia Ngwale. Alipotoka uso wake ulikuwa mkunjufu, akanipiga bega. Nikamhurumia. Nilijisemea maskini Ngwale, hajui kwamba yake ni ya moto. Akaingia Mashavu, naye akatoka akipiga mluzi. Nikawahurumia wote.

*

Uwanjani watu walikuwa wengi. Shule zilifungwa ili watoto wajifunze. Kanali alishika kipaza sauti.

"Wananchi, serikali yenu ina huruma. Kati ya vijana hawa mmoja ana risasi baridi. Kwa kawaida bunduki yenye risasi baridi hairuki begani, hivyo mtu mwenye macho makali angeweza kumjua. Naomba msitazame mabega. Ni siri ya taifa."

Fundi Kilindo akaletwa, pekupeku, kitambaa cheupe kimebandikwa kifuani. Alikuwa mfupi kuliko nilivyotarajia. Alipoulizwa kama ana neno la mwisho, Kanali alisogeza kipaza sauti mbali haraka, akihofia swali lingine zuri. Lakini mzee alikuwa anamtazama Koplo Bakunda miguuni.

"Koplo, pindo la suruali yako limefumuka. Utajikwaa. Ukipita nyumbani, mke wangu atakushonea."

Koplo akatazama chini. "Asante, mzee," akasema, kisha akakumbuka yuko kazini, akarudi kuwa koplo.

Nyuma ya kamba, mbele ya watu wote, alisimama mwanamke aliyejifunika kanga mpaka kwenye nyusi. Sikumtazama uso. Nilitazama alichoshika, viatu vyeusi vya kiume vilivyopakwa rangi vizuri. Kamba zake zilikuwa zimelegezwa tayari, ili mtu avae haraka. Nikafurahi kwa ajili yake. Nilijisemea subiri kidogo tu, mama, unaondoka naye sasa hivi.

Amri ikatoka. Nikalenga kitambaa. Nililenga vizuri sana, nikabana pumzi kama tulivyofundishwa, nikafyatua.

Moshi ulipopungua, fundi Kilindo alikuwa amelala chini.

Nikageuka nimtazame Ngwale, nimuulize kwa macho, vipi wewe, si tulikubaliana? Ngwale alikuwa ananitazama mimi, kwa macho hayo hayo. Nikamtazama Mashavu. Mashavu alikuwa anatutazama wote. Tulisimama pale kila mmoja akiwashangaa wenzake watano, hadi Koplo akatupigia kelele tugeuke mbele.

Kisha Koplo akaenda akainama juu ya kile kitambaa kwa ajili ya alama. Alikaa huko muda. Aliporudi hakuwa na sauti yake ya kawaida. Alisema sote sita tumepata alama zote.

Nami nikiwemo. Hapo utaona jinsi jeshi letu lilivyo na roho nzuri, linampa alama zote hata mtu aliyepiga hewa.

*

Tukapewa ruhusa. Ndani ya lori la kwenda stendi, Ngwale alikaa karibu yangu, mikono katikati ya magoti.

"Chande. Kanali aliniambia baridi ni yangu."

Nikacheka. "Na wewe ukaamini?"

"Na wewe hakukuambia?"

"Mimi ni tofauti, Ngwale. Mimi alinitazama usoni. Akaniuliza habari za mama yangu."

"Hata mimi aliniuliza habari za mama."

"Lakini mama yangu anaomba sana."

Ngwale akanigeuzia mgongo. Mashavu, aliyekuwa kwenye kona, alikuwa amejifunika kofia usoni, na mabega yake yalikuwa yanatikisika. Barabara ilikuwa mbovu.

Baadaye nilisikia Ngwale alirudi stoo, akaomba dhamiri yake kabla ya wakati. Mtunza stoo akamwambia utaratibu hauruhusu. Ngwale akasema basi amrudishie hata viatu. Akapewa vya mtu mwingine, vidogo, akaondoka navyo mkononi akielekea upande usio na barabara. Jeshi lilimtafuta siku kadhaa, kisha likatangaza kwamba hajawahi kujitolea.

Sisi watano tulivalishwa nishani za Mkono Safi. Tukikutana, kila mmoja anasimulia jinsi risasi baridi ilivyokuwa yake. Nawasikiliza kwa upole. Siwakatizi. Mtu aliyedanganywa anahitaji kuonewa huruma, na kati yetu ni mimi tu ninayejua ukweli.

*

Nisingeandika haya kama si sherehe ya mwezi huu. Tumeagizwa sisi wenye nishani tupite mbele ya Mlezi Mkuu tukiwa na sare, na sare yangu imenibana. Nikaulizia fundi, nikaelekezwa nyumba yenye baraza jekundu nyuma ya soko la nafaka. Nikamkuta mama wa makamo kwenye cherehani, miwani imefungwa kwa uzi.

"Karibu, mwanangu. Weka nishani hapo mezani, uvae sare nikupime."

Mimi ukinipima huwezi kunizuia kuongea. Nikamwambia habari za nishani. Nikamsimulia uji, stoo, alama, yote, na pale penye Kanali na siri ya taifa nikaigiza sauti. Watu wengi hucheka hapo. Yeye alikuwa na pini mdomoni.

Akatandaza futi ya kupimia mgongoni mwangu, kutoka bega hadi bega. Akasimama kwenye la kulia, akalibonyeza kwa kidole gumba.

"Hili limeshuka kidogo. Linauma?"

"Siku za mvua tu, mama. Godoro la jeshi."

"Alaa." Akatoa pini mdomoni, akazichomeka kwenye mkono wa gauni lake. "Na ulijuaje kwamba baridi ilikuwa yako?"

"Niliambiwa na Kanali mwenyewe."

"Ndiyo. Kanali alisema mengi siku ile. Alisema tusitazame mabega."

Nikasikia nje mtu anapepeta mchele.

"Mama ulikuwepo?"

"Nilikuwepo. Wengine walimtazama yeye. Mimi sikuweza, na macho yanataka pa kwenda. Nikatazama mabega yenu. Nilisema, kama kuna mmoja ambaye lake halitaruka, nitamtafuta hata akiwa wapi. Nitamwambia njoo kwangu, nitakushonea bure maisha yako yote. Nilitaka awepo huyo mmoja, mwanangu. Usiku na mchana nimemtaka awepo."

"Basi ni mimi," nikasema. Hata sasa sijui nilisemaje. "Ni mimi, mama. Mimi ndiye."

Alinitazama juu ya miwani. Hakuwa na hasira. Ningemshukuru kama angekuwa nayo.

"Wewe ulikuwa wa tatu kutoka upande niliosimama," alisema. "Mabega ya wengine yaliruka. Lako liliruka mpaka ukarudi nyuma, ukakanyaga soksi iliyokuwa imechomoza kwenye buti."

Habari za soksi sikuwa nimemsimulia.

Nikatazama chini, kwa kuwa mbele kulikuwa na mtu. Chini ya cherehani, pembeni ya mahali anapokanyagia, kulikuwa na viatu vyeusi vya kiume. Vilikuwa vimepakwa rangi. Kamba zilikuwa zimelegezwa.

Bi Siwema, nilikuja kujua jina lake kwenye kibao cha mlangoni wakati natoka, alichukua nishani yangu mezani, akaifuta vumbi kwa pindo la kanga, akaiweka kifuani kwangu, akaisogeza kidogo, kisha kidogo tena, mpaka katikati kabisa.

"Nishone hapa?"

Nina majibu ya kila kitu. Darasani waliniita Redio. Nilifungua mdomo, nikangoja utani uje.

Nje jua lilikuwa kali, hakuna hata wingu, na bega lilikuwa linaniuma.